Linux, printa na siri ya kiwandani

Ukitaka kumuudhi mpenzi wa Linux, usimtukane wala usiisifie Windows mbele yake. Muulize tu kama printa yake inafanya kazi. Atakujibu kwamba inafanya kazi, ila... Hapo kwenye "ila" ndipo penye habari yenyewe. Ila alitafuta draiva siku mbili. Ila haichapi pande mbili za karatasi. Ila skana iliyomo ndani yake haijawahi kuamka. Wakati huo mwenzake wa Windows amechomeka waya, amesubiri dakika moja, amechapa na kuondoka. Mwenye Mac hata hajui kwamba kuna kitu kinaitwa draiva.

Utani huu nimeusikia tangu nikiwa chuo, na majibu yake huwa ni mawili. La kwanza ni la wapinzani: Linux ni kazi ya watu wa kujitolea, cha bure kina gharama zake, basi vumilia. La pili ni la mashabiki: mtumiaji hajasoma maelekezo. Majibu yote mawili yananikera, na nilipokaa kuifuatilia historia yenyewe niliona kwamba hakuna hata moja linalojibu swali. Ninachoamini nakisema mapema ili tusipotezeane muda. Kifaa kinapoikataa Linux, mara nyingi sana si kwa sababu kazi imewashinda mafundi. Ni kwa sababu aliyekitengeneza anajua jinsi ya kuzungumza nacho na hataki kumwambia mtu mwingine, hata wewe uliyekinunua kwa fedha yako.

Kwanza tuelewane kuhusu draiva. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, kama mkalimani. Printa haielewi ukisema "nichapie ukurasa wa tatu". Inaelewa mfululizo wa namba fulani, zikitumwa kwa mpangilio fulani, na kila kiwanda kina mpangilio wake. Anayeujua mpangilio huo kwa hakika ni aliyeibuni hiyo printa. Kwa hiyo swali halisi kuhusu kompyuta yoyote ni hili: nani anamlipa mkalimani?

Kwa Windows jibu ni rahisi. Viwanda vinamlipa. Mtu akitengeneza kamera, printa au modemu ya kuuza, hawezi kuidharau Windows, kwa sababu ndiko waliko wateja wengi. Anaandika draiva mwenyewe na kuiweka kwenye CD ndani ya boksi. Kwa Apple jibu ni tofauti kidogo. Apple inatengeneza kompyuta na mfumo endeshi wake pamoja, kwa hiyo inashughulika na vifaa vichache ilivyovichagua yenyewe. Mwaka 1995 iliwahi kuruhusu viwanda vingine vitengeneze kompyuta za kutumia mfumo wake, na Steve Jobs aliporudi mwaka 1997 akaukatisha mpango huo. Linux haina kiwanda na haichagui vifaa. Inatarajiwa iwashe chochote utakachoipa, pamoja na ile kompyuta ya mtumba ya Kariakoo ambayo hata aliyekuuzia hajui ndani ina kadi gani. Kuilinganisha mifumo hii mitatu bila kulitaja jambo hili ni kumlaumu anayetembea kwa miguu kwa kuchelewa kuliko aliyepewa gari.

Sasa turudi nyuma, maana kisa hiki kilianza na printa kabla hata Linux haijazaliwa.

Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani, kampuni ya Xerox iliwapa watafiti printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi, lakini karatasi zilikuwa zinakwama. Kijana mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa amelimaliza tatizo hilohilo kwenye printa ya zamani kwa kuirekebisha programu yake, ikawa inawatumia ujumbe wanaosubiri kazi zao kwamba karatasi imekwama. Kwa printa mpya alishindwa, kwa sababu Xerox haikutoa msimbo wa chanzo, yaani yale maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyabadili. Akasikia kwamba mtu mmoja katika chuo cha Carnegie Mellon anao. Alipokwenda kuuomba akakataliwa, kwani mwenye nao alikuwa ameahidi kwa maandishi kutompa mtu.

Stallman amekisimulia kisa hicho miaka yote. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Hiki tunachokiita leo programu huria kina mizizi mingi, lakini mmoja ni printa iliyokwama na mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuitengeneza. Kwa hiyo anayecheka kwamba Linux na printa haziivi ajue kwamba anacheka ugomvi wenyewe uliomfanya Stallman aanze safari.

Linux ikaja baadaye. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwatangazia watu mtandaoni kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Katika tangazo hilo aliwaonya kwamba huenda usije kukubali diski za aina nyingine zaidi ya ile aliyonayo yeye, kwa kuwa hana nyingine. Watu huisoma sentensi hiyo kama kichekesho, lakini mimi naona imebeba historia nzima. Linux ilivijua vifaa ambavyo watu wake walikuwa navyo mezani. Aliyekuwa na kadi ya sauti aliandika draiva ya kadi ya sauti. Kifaa ambacho hakikuwa mikononi mwa mtu mwenye ujuzi na muda kilibaki bubu.

Kwa miaka michache utaratibu huo ulitosha, kwa sababu vifaa vingi vya zama zile vilifuata kanuni zinazojulikana. Naomba pia tusiisifu Windows kupita kiasi. Ahadi ya Windows 95 ilikuwa kwamba unachomeka kifaa nacho kinafanya kazi, na mtaani watu wakaigeuza kwa dhihaka wakisema unachomeka na kuomba dua. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates akiwa jukwaani, msaidizi wake alichomeka skana kuonyesha uzuri wa Windows 98, na kompyuta ikaanguka na kuonyesha ile skrini ya bluu mbele ya ukumbi mzima. Draiva zimemuumbua kila mtu.

Tatizo la Linux lilikomaa pale viwanda vilipogundua njia ya kupunguza gharama. Modemu ya zamani ya simu ilikuwa na chipu iliyofanya kazi yote ndani yake, na kompyuta iliipa amri fupi fupi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja modemu rahisi zilizoondolewa sehemu kubwa ya chipu hizo, na kazi ikahamishiwa kwenye programu inayoendeshwa na kompyuta. Programu hiyo ilikuwa ya Windows, na watu wakaziita "winmodem". Kifaa kilikuwa nusu kifaa. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya CD, imefungwa, na haikuandikwa kwa ajili yako wewe wa Linux. Modemu iliyofanya kazi vizuri nyumbani kwa jirani, kwako ilikuwa kipande cha plastiki.

Waifai ikarudia kisa hicho kwa ukali zaidi. Kompyuta mpakato nyingi za katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na chipu za Broadcom, na kampuni hiyo haikutoa draiva ya Linux kwa ajili ya kompyuta hizo wala maelezo ya jinsi chipu zinavyoongea. Kichekesho ni kwamba wakati uleule ruta maarufu ya Linksys WRT54G, iliyokuwa na chipu za Broadcom, ilikuwa ikiendesha Linux ndani yake. Kwa hiyo Linux na chipu hizo ziliweza kuzungumza vizuri tu. Ulichokosa ni ruhusa ya kusikiliza mazungumzo.

Mafundi wa kujitolea walifanya mambo mawili ambayo mpaka leo nayastaajabia. Mwaka 2003 walianza kutengeneza NDISwrapper, programu ya kuidanganya draiva ya Windows ijione iko nyumbani wakati iko ndani ya Linux. Wengine wakaamua kufumbua fumbo lenyewe. Walijigawa makundi mawili: kundi moja lilichunguza draiva iliyofungwa na kuandika maelezo ya kile inachofanya, na kundi la pili, ambalo halikuiona kabisa draiva hiyo, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo ili mtu asije akasema wameiba. Kazi yao iliingia kwenye kiini cha Linux mwezi Juni 2006. Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria kwa chipu zake mpya za waifai Septemba 2010. Hesabu miaka hiyo. Watu wenye vipaji walitumia maelfu ya saa kugundua kitu ambacho tayari kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi, kabatini kwa mtu.

Sisi wa huku tulikuwa na mzigo wa ziada, na hapa ndipo wengi wanaoandika kutoka Ulaya na Marekani hawatuoni. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ilikuwa ghali na ya polepole. Ubuntu walikuwa wakituma CD kwa posta bila malipo, huduma waliyoisitisha mwaka 2011, na CD hizo zilizunguka sana vyuoni. Lakini CD ikishaingia na waifai ikakataa, ushauri uliokuwa unapewa ni kwamba pakua draiva kutoka intaneti. Kwa intaneti ipi? Ilibidi uende kafe, ulipie kwa muda, upakue kwenye flashi, urudi nyumbani, ugundue kuna faili jingine linahitajika, urudi tena kafe. Mwenye Windows yeye alikuwa na CD ya kiwanda ndani ya boksi.

Halafu zikaja modemu za USB za kampuni za simu, zile nyeupe na nyeusi ndogo, ambazo kwa watu wengi wa miji yetu ndiyo ilikuwa intaneti ya kwanza nyumbani. Nyingi zilikuwa na ujanja mmoja: ukizichomeka hazikujitambulisha kama modemu, zilijifanya CD. Ndani ya "CD" hiyo kulikuwa na programu ya Windows, ikishawekwa ndipo kifaa kinabadilika na kuwa modemu. Kwa Windows ni ustaarabu mzuri, huhitaji kutafuta chochote. Kwa Linux ilikuwa mkasa: kompyuta inakuambia kwa furaha kwamba umeweka CD, na intaneti hakuna. Fundi mmoja Mjerumani, Josua Dietze, aliandika programu inayoitwa usb_modeswitch ya kuiambia modemu iache kujifanya. Baadaye mifumo mikubwa ya Linux ikawa inakuja nayo tayari.

Katikati ya shida hizo kuna jambo linalonifanya nisikubali kwamba watu wa programu huria hawana uwezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Msimbo ulikuwa wazi, wakaufungua, wakatafsiri, wakagawa. Basi tazama picha hiyo: Mtanzania ameweza kuifanya programu nzima iongee lugha ya nyanya yake, lakini barua aliyoiandika kwa Kiswahili humo ndani pengine haichapiki, kwa sababu kiwanda cha mbali hakitaki kusema printa yake inapokea namba gani. Palipo wazi, kazi ilifanyika hata hapa kwetu. Palipofungwa, hata mabingwa wa Ulaya walihangaika.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu. Linux nayo ina yake. Wakuu wa kiini chake wamekataa miaka yote kuwahakikishia watengenezaji wa draiva kwamba sehemu ya ndani ya kuunganishia draiva haitabadilika. Wanasema draiva ikikaa ndani ya kiini, huria, wataibadilisha wao wenyewe kila wanapobadilisha mambo. Ni hoja nzuri, na imeleta matunda. Lakini bei yake aliilipa mtumiaji: draiva iliyofungwa iliyofanya kazi mwezi uliopita ilikufa baada ya kusasisha mfumo. Debian nao, kwa ajili ya msimamo, waliziweka kando zile programu ndogo zilizofungwa ambazo chipu nyingi za waifai haziwaki bila hizo. Waliamua kwa kura mwaka 2022 kuziingiza kwenye CD rasmi ya kuwekea mfumo, na mwaka 2023 toleo la 12 likatoka nazo. Kabla ya hapo, mtu mpya aliweka Debian akakuta kompyuta haina mtandao, na kwenye majukwaa akapewa somo la falsafa. Mwenye njaa humpi hotuba.

Basi mambo yalibadilikaje? Kwa kiasi kikubwa yalibadilika fedha zilipobadilisha upande. Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa kiini, alitangaza kwa kampuni zote: tupeni maelezo ya kifaa chenu, hata kwa siri, tutawaandikia draiva bure. AMD, iliyokuwa imeinunua ATI mwaka 2006, ikaanza mwaka 2007 kutoa maelezo ya kadi zake za grafiki. Nvidia ilibaki imefunga, hata Torvalds akaionyesha kidole cha kati hadharani kwenye chuo cha Aalto, Finland, mwaka 2012. Mei 2022 Nvidia nayo ikafungua sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini. Seva za dunia, ambako kampuni hiyo inauza sana, zinaendeshwa na Linux, na mteja wa seva hanyamazishwi kwa urahisi kama mwanafunzi wa hosteli.

Hata printa zimetulia. CUPS, mfumo wa uchapaji ulioanzishwa na Michael Sweet, unatumika Linux na pia kwenye Mac. Apple iliununua mwaka 2007. Simu zilipoanza kuchapa, viwanda vililazimika kukubaliana lugha moja, kwani huwezi kumwambia mwenye simu aweke CD. Printa nyingi za leo za mtandao zinaongea lugha hiyo, na Linux inazichapia bila draiva ya kiwanda. Kilichowashinda wapenzi wa Linux kwa kelele za miaka kilimalizwa na watu wanaotaka kuchapa tiketi kutoka kwenye simu.

Na simu hizo nyingi, kumbuka, ni Android, na kiini cha Android ni Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Mwaka 2022 kampuni ya Valve ilianza kuuza Steam Deck, kifaa cha michezo cha kushika mkononi, kikiwa na Linux ndani, na sauti, waifai, betri na kulala kwake vinafanya kazi. Hakukuwa na muujiza. Alipatikana mtu wa kumlipa mkalimani.

Ila usishangilie bado. Siri ya kiwandani haijafa, imehama. Kwa nini simu nzima kabisa, skrini safi, betri inadumu, inaacha kupata matoleo mapya baada ya miaka michache? Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mtengenezaji wa chipu ameacha kuzihuisha draiva zake zilizofungwa, na bila hizo mtengenezaji wa simu hana pa kwenda. Google ilianzisha mpango wa Treble mwaka 2017 kujaribu kuitenganisha mifumo na draiva hizo. Kwenye kompyuta nako bado kuna viporo. Mpakato ninaoandikia una kisoma alama za vidole ambacho kimelala tangu siku ya kwanza, kampuni siitaji. Kwenye Windows kinafanya kazi. Ni kifaa changu, nimekilipia, na hakuna mtu wa kuniambia kinaongea lugha gani.

Upande wa pili nako meza imepinduka kwa namna ambayo wazee wa winmodem wasingeiamini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wake rasmi, na Windows 11 kwa masharti yake haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya takriban 2018. Kompyuta hizo ndizo zilizojaa kwenye ofisi zetu, shule zetu na maduka yetu ya mtumba. Hazijaharibika. Zimeambiwa tu kwamba hazitambuliki. Linux inaziwasha, kwa sababu draiva zake ziko wazi na yeyote anayezihitaji anaweza kuendelea kuzitunza hata kiwanda kikisahau. Linux nayo huacha vifaa: mwaka 2012 iliondoa msaada kwa chipu ya 386, ile ile ambayo Torvalds alianzia. Lakini ilikuwa miaka 21 baadaye.

Kwa hiyo mtu akikuuliza tena kwa kebehi kama printa yako ya Linux inafanya kazi, mjibu ukweli, na kama haifanyi sema haifanyi. Kisha kabla hujanunua nyingine, uliza dukani au tafuta mtandaoni kama inaongea lugha iliyo wazi. Kama haiongei, mwachie muuzaji printa yake. Vifaa tunavyovirudisha kaunta vimewahi kuvisomesha viwanda kuliko hotuba zote za mashabiki.